Kutafuta asili ya jina na kumchagulia mtoto jina: mwongozo kwa familia za Bukavu

Katika nyumba nyingi za Bukavu, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, watoto watano wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kuwa na majina matano yasiyofanana hata kidogo: mkubwa anaitwa Amani, anayemfuata Murhula, wa tatu Nabintu, wa nne Safari, na kitinda mimba Aksanti. Mgeni anayetoka nchi ambako jina la ukoo hurithiwa atadhani kwamba ni watoto wa majirani. Kwetu, kwa desturi, jina halikuwa alama ya ukoo inayoshuka kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu bila kubadilika, bali lilikuwa taarifa fupi juu ya siku ile, hali ya nyumba ile, na mtu yule aliyempokea mtoto mikononi. Ndiyo maana jina linaweza kuendelea kuandikwa kwenye karatasi kwa miaka themanini huku habari yake ikiwa imezikwa pamoja na mtu wa mwisho aliyeijua.

Shangazi yangu mmoja aliitwa Machozi. Kwa miaka mingi niliamini kwamba alizaliwa wakati wa msiba, kwa kuwa neno lenyewe halifichi kitu. Siku nilipomuuliza, alikuwa ameketi mlangoni kwake huko Kadutu akichambua maharagwe kwenye ungo. Aliacha mikono ikapumzika juu ya maharagwe, akaniambia kwamba mama yake alikaa miaka saba bila kupata mtoto, na alipozaliwa yeye, babu alilia mbele ya watu, jambo ambalo wanaume wa rika lake hawakulifanya. Yalikuwa machozi ya furaha. Tangu siku hiyo nimeshika kanuni moja, nayo ndiyo uti wa mgongo wa mwongozo huu: kamusi hutoa tafsiri ya neno, lakini maana ya jina iko kwa aliyelitoa au kwa aliyekuwapo lilipotolewa. Kwa hiyo hatua zinazofuata zinahitaji daftari, kalamu, na wazee walio hai.

Hatua ya kwanza: andika majina yote kama yalivyo

Chukua daftari gumu, la kurasa mia moja au zaidi, umpe kila mtu wa familia ukurasa wake. Andika jina lake kama linavyosomeka katika kila karatasi aliyo nayo: kadi ya ubatizo, buletini (ripoti) ya shule, diploma, kadi ya mpiga kura, cheti cha ndoa. Chini yake andika jina analoitwa nyumbani, hata kama ni kifupi tu, kama vile Deo kwa Déogratias au Dieudo kwa Dieudonné. Kando ya kila jina weka mwaka wa karatasi.

Usisahihishe tahajia. Ukikuta Chibalonza katika karatasi moja na Cibalonza katika nyingine, andika zote mbili, kwa sababu tofauti hiyo itakusaidia baadaye kujua ni nani aliyeshika kalamu.

Hatua ya pili: soma kila karatasi kwa mwaka wake

Hatua hii ndiyo inayofumbua mafumbo mengi kuliko nyingine, na watu wengi huiruka. Majina ya Wakongo yamepita katika amri, hofu na mageuzi ya serikali, na mwaka ulioandikwa kwenye karatasi unaweza kukueleza kwa nini baba yako ana jina moja kanisani na jingine serikalini.

Wakati wa ukoloni, mwongofu wa misheni alipewa jina la mtakatifu, na vitabu vya ubatizo vya Kikatoliki viliandikwa kwa Kilatini. Kwa hiyo usishangae kukuta babu uliyemjua kama Joseph ameandikwa Josephus. Déogratias ni Kilatini kitupu, maana yake ni shukrani kwa Mungu, na limekaa kwetu kwa muda mrefu hata wengi hulichukua kuwa Kifaransa. Jina la nyumbani halikufutwa. Lilisogezwa tu nyuma ya lile la ubatizo.

Kisha ikaja zama ya uhalisi, yaani siasa ya serikali ya kurudi kwenye asili ya Kiafrika. Tarehe 27 Oktoba 1971 nchi iligeuzwa kuwa Zaire, na mwezi wa Januari 1972 rais Joseph-Désiré Mobutu akajiita Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu Wa Za Banga. Raia waliamriwa kuacha majina ya Kikristo ya kigeni na kuchukua majina ya asili, na mapadri walitishiwa kifungo iwapo wangembatiza mtoto kwa jina la Kizungu. Kardinali Joseph-Albert Malula wa Kinshasa alipinga, akalazimika kukaa Roma kwa miezi kadhaa mwaka huo wa 1972. Hapo ndipo lilipoenea jina la pili tunaloliita postinomu: mtu aliyekuwa Pierre akaongeza jina la babu, la mto, au la tukio, ili karatasi zake zikubalike. Ukikuta mtu aliyezaliwa kati ya 1972 na 1990 ambaye akti yake (hati ya kuzaliwa) haina prenomu (jina la Kikristo) yoyote, usidhani kwamba hakubatizwa. Tafuta kadi ya parokia, au muulize mama yake jina lililonong'onwa kisimani siku ya ubatizo.

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, na majina ya Kikristo yakarudi hadharani pamoja na tai shingoni, ambayo nayo ilikuwa imekatazwa. Ndiyo sababu mtu mmoja anaweza kuwa na diploma ya mwaka 1985 yenye majina mawili na kadi ya kazi ya mwaka 1995 yenye majina matatu, bila kuwa amedanganya mahali popote.

Hatua ya tatu: tambua lugha ya jina kabla ya kulitafsiri

Bukavu ni mji wa lugha nyingi, na kosa kubwa ni kulisoma jina la lugha moja kwa masikio ya lugha nyingine. Mfano ulio wazi ni Mujinga, jina linalojulikana sana Lubumbashi na Kasai. Msemaji wa Kiswahili cha pwani atalisikia kama mjinga, akamhurumia mtoto bure. Kwa Waluba hilo ni jina la heshima la mtoto aliyezaliwa kitovu kimemzunguka shingoni, kama vile Mbuyi na Kabanga yalivyo majina ya mapacha kwa Waluba wa Kasai. Mtoto hakuchaguliwa jina, alikuja nalo.

Kwa majina ya Mashi, lugha ya Washi wa Bushi, eneo linaloizunguka Bukavu, jifunze kwanza herufi mbili. Herufi c husomwa kama ch ya Kiswahili, na ndiyo maana Cibalonza na Chibalonza ni jina moja. Herufi rh ni ngumu zaidi, kwa kuwa makarani wengi huiandika r tupu, lakini mahali pengi inashika nafasi ya t katika lugha jirani: tatu ya Kiswahili ni isharhu kwa Mashi, na mtima, yaani moyo, ni omurhima. Ukiijua siri hiyo, jina Murhula, ambalo maana yake ni amani, linaonekana kuwa karibu sana na tulia na utulivu. Nimeona wanafunzi wakifurahi kama waliookota pesa njiani walipogundua kwamba jina la babu yao, walilolidhania kuwa geni, lina ndugu ndani ya Kiswahili wanachokisema kila siku. Mugisho nalo ni baraka. Silabi Na- mwanzoni mwa jina huonyesha mwenye kitu au mtawala wake: Nabintu ni mwenye vitu, na Mwami, yaani mfalme, anayetawala Bushi huitwa Nabushi. Mwene ni mtoto wa fulani, kama katika jina la Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa Mwene Ngabo, aliyeuawa hapa Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996.

Majina ya Wanande, ambayo ni mengi Goma na Butembo na ambayo yapo Bukavu pia, yanafuata utaratibu wa kuzaliwa. Mvulana wa kwanza wa mama huitwa Paluku au Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Msichana wa kwanza huitwa Masika. Mvulana anayezaliwa baada ya wasichana ni Muhindo, na msichana anayewafuata wavulana ni Kahindo, kwa sababu uzao umegeuka. Aliyekuwa Askofu Mkuu wa Bukavu, Charles Kambale Mbogha, alibeba jina la namna hiyo. Ukiwa na Kambale katika daftari lako, umeshapata habari juu ya nafasi ya kuzaliwa, lakini hujapata habari ya mtu mwenyewe. Hiyo imo katika jina lake la pili. Vivyo hivyo, Habimana ni sentensi kamili ya Kinyarwanda, Mungu yupo, na Hakizimana ni Mungu ndiye anayeokoa.

Majina ya Kiswahili yanahitaji uangalifu wa pekee kwa sababu tunayaona kuwa rahisi. Amani, Baraka, Neema, Riziki, Furaha, Safari na Shukuru yote yana mizizi ya Kiarabu, na leo mengi ya hayo yanabebwa na Wakristo ambao hawakuwahi kufikiria jambo hilo. Kiswahili kililetwa ndani ya Kongo ya mashariki katika karne ya 19 na misafara ya wafanyabiashara kutoka Zanzibar na pwani, miongoni mwao Tippu Tip, na pamoja nacho yakaja majina ya Kiislamu kama Ramazani, Shabani na Rajabu, ambayo ni majina ya miezi, na Juma, ambalo ni la siku. Haya bado yanasikika sana Maniema na Uvira. Byamungu, kwa upande mwingine, ni la kwetu kabisa: ni vitu vya Mungu, likiwa na bya ya lugha zetu mahali pa vya. Na Aksanti linamtambulisha mwenye jina hata akiwa mbali, kwa kuwa mtu wa Mombasa angesema na kuandika Asante. Tafadhali usimbadilishie mtoto Aksanti kuwa Asante kwa kudhani unasahihisha.

Hatua ya nne: waulize wazee, na uwaulize vizuri

Usianze kwa kuuliza maana ya jina. Mzee akiulizwa hivyo atakupa tafsiri, nawe utaondoka na neno moja. Anza kwa kuuliza nani alimpa jina, wapi, na nani alikuwapo. Kisha uliza nyumba ilikuwa katika hali gani: palikuwa na ugomvi, safari, mavuno, deni, kifo? Majina kama Mateso, Shida, Sikujua na Sikitu mara nyingi ni maneno aliyoambiwa jirani au mkwe kupitia mtoto, na aliyelengwa alielewa vizuri sana. Kwa sababu hiyo baadhi ya habari hizi zina uchungu bado. Ukiona shangazi ananyamaza, funga daftari, msaidie kazi aliyo nayo, urudi siku nyingine.

Mzee asiyejua mwaka anajua matukio. Muulize kama mtoto alizaliwa kabla au baada ya vita ya Mulele, yaani uasi wa 1964. Kabla au baada ya mamluki wa Jean Schramme kuushika mji huu, kuanzia Agosti hadi Novemba 1967. Kabla au baada ya wakimbizi wa Rwanda kufika mwaka 1994. Kabla au baada ya tetemeko la tarehe 3 Februari 2008. Kwa njia hiyo utaweza kulibana jina katika miaka miwili au mitatu.

Uliza watu wawili juu ya jina moja, kila mmoja peke yake. Niliporudi na habari ya Machozi, mama mkubwa aliniambia kwamba babu hakulia kwa furaha tu, kwa maana wiki hiyohiyo alikuwa amepata habari ya kifo cha kaka yake huko Walungu. Niliandika habari zote mbili, kila moja na jina la aliyeisema na tarehe, wala sikuchagua kati yao. Naamini zote mbili zilikuwa kweli.

Hatua ya tano: hesabu, ili ujue jina lilipanda lini na kushuka lini

Sehemu hii ni ya hiari, lakini ni tamu kwa mwanafunzi na kwa mwalimu. Ukitaka kujua kama jina fulani limezeeka au linapanda, usitegemee hisia zako, kwa sababu kila mtu husikia zaidi majina ya rika lake. Omba ruhusa kwa paroko usome kitabu cha ubatizo, au tumia orodha za darasa za shule moja. Chukua majina 50 kwa kila miaka kumi, ukipanga kwa mwaka wa kuzaliwa na si kwa mwaka wa ubatizo, kwa kuwa watu wazima walibatizwa pia. Hesabu Murhula na Murula kama jina moja. Kaa mahali pamoja: ukilinganisha parokia ya Kikatoliki ya 1960 na kanisa la uamsho la leo, utakuwa umepima tofauti ya makanisa na si ya miaka.

Utakachokiona, kwa kadiri nilivyoona mimi katika orodha zilizopita mikononi mwangu, ni kwamba watakatifu wa kalenda wamejaa juu ya orodha za zamani, na majina ya Agano la Kale yanaongezeka kadiri unavyokaribia siku zetu. Pamoja nayo yanaingia majina yaliyoundwa na Wakongo wenyewe kwa kuunganisha vipande vya Kifaransa: Plamedi ni mpango wa ajabu wa Mungu, Merdi ni asante kwa Mungu, Glody ni utukufu kwa Mungu. Wazee wengine huyadharau. Mimi naona kwamba yanafanya kazi ileile iliyofanywa na Habimana na Byamungu, yaani sentensi nzima ya imani iliyofungwa ndani ya jina la mtu, na yanastahili kuandikwa habari zake sasa, wakati walioyatoa wangali hai.

Hatua ya sita: kumchagulia mtoto jina

Kabla ya kuamua, kumbuka kwamba jina la mtoto wa kwanza litakuwa jina lenu pia. Kuanzia siku hiyo sokoni Nyawera, kanisani na msibani mtaitwa Mama Aganze na Baba Aganze, na wapo majirani watakaowajua kwa jina hilo tu hadi mwisho. Lisemeni kwa sauti mara nyingi, kwa wito wa mbali na kwa wito wa karibu.

Mkitaka kumpa mtoto jina la mtu aliye hai, mwendeeni mtu huyo kwanza. Homonimu, yaani mtu ambaye mtoto anachukua jina lake, si mapambo. Anategemewa siku ya ubatizo, siku ya kuanza shule na siku ya arusi, na asiyeulizwa ana haki ya kuona kwamba amebebeshwa mzigo bila taarifa. Mkitaka jina la marehemu, waulizeni waliomjua jinsi alivyoishi.

Juu ya majina ya uchungu nina msimamo. Jina la bibi aliyeitwa Mateso libaki kama lilivyo, maana ni historia yake. Lakini mtoto anayezaliwa leo ataitwa kwa sauti kila asubuhi mbele ya darasa, na si haki aubebe ugomvi wa watu wazima ambao huenda utakuwa umekwisha kabla hajaota meno. Kama siku ilikuwa ngumu, iandikeni katika daftari kwa kirefu, na mtoto mumpe jina la kile mlichokitumaini.

Jambo jingine la kufikiria ni undugu wa karatasi. Kwa kuwa ndugu wa nyumba moja wanaweza kukosa hata jina moja la pamoja, kuthibitisha uhusiano wao ugenini kunaweza kuwa kazi nzito. Baba wengi sasa huwapa watoto wote jina lao kama postinomu, na kumwachia kila mtoto jina moja la siku yake. Nadhani ni mapatano mazuri, mradi jina hilo la siku lisiachwe.

Hatua ya saba: kuandikisha

Kodi ya familia (si kodi ya fedha, bali mkusanyo wa sheria za familia), ambayo ni sheria namba 87-010 ya tarehe 1 Agosti 1987, inataka majina yachukuliwe katika urithi wa utamaduni wa Kongo, na inakataza majina ya matusi au ya kudhalilisha. Sheria hiyo ilirekebishwa tarehe 15 Julai 2016, na mzazi ana siku 90 tangu kuzaliwa kwa mtoto kumwandikisha bila malipo katika ofisi ya etasivili (uandikishaji wa raia) ya komini, yaani wilaya ya mji, iwe Ibanda, Kadutu au Bagira. Siku hizo zikipita, mtalazimika kupata hukumu ya mahakama kwanza. Wengi hujidanganya kwamba cheti walichopewa na maternite (hospitali ya uzazi) kinatosha. Cheti hicho kinashuhudia tu kwamba mtoto alizaliwa pale. Akti ya kuzaliwa ndiyo inayompa jina mbele ya sheria.

Nendeni mkiwa mmeandika jina lote kwa herufi kubwa kwenye karatasi, kwa mpangilio mnaoutaka: nomu (jina linalotangulia), postinomu, prenomu. Msilitamke tu dirishani. Binamu yangu, Murhula, alitamkiwa jina lake na baba yake katika ofisi moja yenye watu wengi, karani akaandika Murula, na kosa hilo halikuonekana hadi alipomaliza sekondari, diploma ikiwa na rh na akti ikiwa haina. Kwa mujibu wa kodi, jina lililokwisha kutangazwa haliruhusiwi kubadilishwa, wala tahajia yake wala mpangilio wake, bila idhini ya mahakama ya amani, na kwa ajili ya herufi h moja alipanda na kushuka ngazi za ofisi kwa miezi mingi.

Kwa hiyo, mkipewa akti, msiondoke dirishani. Mmoja ashike karatasi yenu, mwingine ashike akti, msome herufi moja moja kwa sauti, pamoja na tarehe, majina ya wazazi na mahali pa kuzaliwa. Mkirudi nyumbani, fungueni ukurasa mpya wa daftari, mwandike jina jinsi lilivyo kwenye akti, kisha chini yake aliyelitoa, siku ile, na waliokuwapo.